Mama Christiane Mujinga na Kadi ya Nyungu

Leo, Jumanne tarehe 30 Septemba 2025, Mama Christiane Mujinga anamaliza kazi katika mutuelle yetu ya afya Tushikane, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Aliingia mwaka 1998, wakati mutuelle ilikuwa meza moja chini ya bati, katika mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, na wanachama wake walikuwa wauza unga wa mahindi wa sokoni na wastaafu wa reli. Anaiacha ikiwa na familia elfu tatu na mia nne, madirisha manne, na bila deni kwa lupitalo, yaani hospitali, yoyote. Anayebisha hesabu hizi aje dirisha la tatu, la fedha, tutamwonyesha.

Kwa wageni walioalikwa leo: mutuelle ni chama cha watu wanaochanga kila mwezi wakiwa wazima, ili mmoja akiugua, michango ya wote imlipie matibabu. Ni hivyo tu. Kuieleza ni sentensi moja. Kuielewa humgharimu mtu, kwa kawaida, ugonjwa mmoja. Kazi ya Mama Christiane ilikuwa kuwaelewesha watu kabla ya ugonjwa huo, na aliifanya kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

Jambo moja lisemwe mapema, kwa kuwa wengi wameuliza. Kanuni ya kumi na saba inasema kadi ya mtumishi, ile inayolipwa na ofisi, hufa siku yake ya mwisho ya kazi. Mama Christiane ana tension, shinikizo la damu, na dawa zake ni za kila siku. Ni mjane wa miaka sitini na mitatu, anakaa peke yake Kamalondo, watoto wake wako mbali. Yaani mtu aliyeeleza bima kwa nusu ya mtaa alikuwa anatoka hapa bila bima. Tulilisema kamatini mara tatu na mara tatu tukapewa chai. Habari ya kadi hiyo itafika mahali pake.

Alizaliwa Kamalondo, katika familia iliyotoka Kasai, baba karani, mama muuza vitenge. Alipokuja kwetu aliajiriwa kuandika majina tu. Baada ya miezi michache alikuwa anaandika majina na kubishana nayo. Aliona kwamba watu wanachagua kadi kama wanavyochagua nyanya: wanaacha nzima, wanachukua iliyoanza kuoza, kwa sababu hiyo ndiyo ya kupikwa leo. Mzazi mwenye watoto saba aliandikisha mmoja, yule wa kukohoa. Ndiyo sababu katika miaka ile, kwa kila franka mia moja tulizokusanya, lupitalo zilitudai mia moja na kumi na nane. Mtu hahitaji shule kubwa kujua mwisho wa hesabu ya namna hiyo.

Kadi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja. Ya pili ilikuwa ya nyumba: baba, mama na watoto waliowazaa. Maneno hayo yaliandikwa na watu waliosoma vitabu vya mbali bila kugonga mlango hata mmoja wa Katuba. Hapa mjini nyumba ina baba, mama, watoto wao, mtoto wa marehemu kaka, shangazi aliyekuja kwa mazishi akabaki, na kijana anayesoma. Kadi ilipokataa kuwatambua, watu wakajitengenezea njia: mgonjwa yeyote akaenda lupitalo na jina la aliyekuwa kwenye kadi. Mwaka mmoja tulipokea hati ya malipo iliyoonyesha kwamba mvulana wa miaka tisa, wa hapa hapa Kenya, alikuwa amejifungua salama mtoto wa kilo tatu. Kamati ilitaka kuifukuza familia ile. Mama Christiane aliuliza kwanza kama mama na mtoto wanaendelea vizuri.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa mkono wa Gracia. Huyu alikuwa binti wa dada wa Papa Chama, fundi mwashi wa Katuba, mtu wa familia za zamani za hapa, ambazo kwao mjomba ndiye mwenye watoto. Gracia alianguka ukutani akavunjika mkono. Lupitalo ikamrudisha, kwa sababu kadi ya Papa Chama ilikuwa na watoto wake wa kuzaa tu. Papa Chama alikuja dirishani na kofia ya kazi kichwani, na aliyoyasema bado yanakumbukwa: "Batoto ba dada yangu njo batoto bangu! Bale munaandika hapa ni ba bibi yangu na kaka yake!" Yaani watoto wa dada ndio wake; hawa wa kadi ni wa mke wake na kaka wa mke.

Mama Christiane alikulia kwa watu ambao kwao mtoto ni wa baba, basi hakuna aliyetegemea angemwelewa. Alimjibu: "Kwetu Kasai ni mambo ingine, papa. Lakini njala ya mutoto haiulizaka ukoo." Kisha akamwuliza swali ambalo tangu siku ile limeulizwa katika dirisha la kwanza kila asubuhi: "Ni banani banakulaka mu nyungu yako?"

Ndivyo ilivyozaliwa kadi ya nyungu. Aliipeleka mkutano mkuu na kuitetea mchana kutwa. Familia, alisema, ni wote wanaokula chungu kimoja, awe mtoto wa tumbo, mpwa, bibi au mpita njia aliyesahau kuondoka. Anayeshika mwiko ndiye mkuu wa kadi, kwa sababu ndiye anayejua idadi. Kila mlaji anachangiwa. Lakini ni wote au hakuna: huwezi kuleta anayekohoa ukamficha mwenye afya. Na aliye na kadi mahali pengine anaandikwa bila kulipa tena.

Dirisha la tatu lilisema mfuko utakufa. Haukufa. Wazima waliokuwa wamefichwa waliingia pamoja na wagonjwa, na wazima ni wengi zaidi. Bima yote iko hapo. Mwaka wa tatu, kwa kila franka mia moja, tulilipa themanini na saba. Kwa kazi hiyo kamati ilimpa Mama Christiane kitenge kimoja, chenye rangi isiyoshika.

Waliouliza nani atahakikisha, aliwajibu kwamba atakwenda mwenyewe, saa ya chakula, bila kupiga simu, pamoja na mwanachama mmoja wa kushuhudia. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi na kuangalia watu wakinawa. Kuna nyumba zilizoazima watoto kwa jirani na nyumba zilizoficha wajomba chumbani. Hakudanganyika. Alitufundisha hivi: "Mutoto wa kuazima anaangaliaka nyama. Mutoto wa nyumba anaangaliaka nani amekalia fasi yake." Kwa kipimo hicho aliwaandika wajane watatu wa Katuba, wasio na undugu wowote, waliopika pamoja ili kuokoa makaa. Na kwa kipimo hicho alimfuta shemeji wa mwenyekiti wetu Papa Kalaba, aliyeonekana kwenye kadi kila mwezi na kwenye bukari, ugali wetu, asionekane hata siku moja.

Mwaka 2011 alitumwa Kasomeno kufungua dirisha. Wafanyabiashara wa pale, watu wa kujua faida, walimwuliza: mwaka ukiisha bila kuugua, pesa zinarudi? Jibu lake limechorwa sasa kwenye ukuta wa dirisha lile: "Kumaliza mwaka bila kugonjwa, njo faida yako ile. Unataka na ingine?" Alirudi na familia mia mbili na sitini, na mbuzi aliyepewa, ambaye alisafiri juu ya magunia ya muhogo na kula orodha ya wasafiri wa gari. Mbuzi huyo aliliwa na ofisi nzima. Gharama ya usafiri wake haijawahi kuidhinishwa.

Hakuwa malaika, na hapa hatuandiki mahubiri. Kalamu za ofisi zilikwenda kwake hazikurudi. Aliwatuma watu dirisha la tatu wakati dirisha la tatu limefungwa. Alimwita mkaguzi wa mkoa "mutoto yangu" mbele ya ujumbe wake. Tena, ipo kanuni inayokataza kumpa kadi ya mtu mmoja yeyote aliyepita miaka sitini, na yeye mwenyewe aliipigia kura. Familia moja ilikuwa imemleta bibi yao kutoka Mitwaba kwa kadi ya mtu mmoja, ikamtunza miezi mitatu ya kungojea ya kila mwanachama mpya, ikampeleka kupasuliwa mara kadi ilipoanza kufanya kazi, na wiki iliyofuata bibi akarudi Mitwaba na kadi ikarudishwa dirishani. Mama Christiane alisema mzee aje na nyungu yake au asije. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Kisha yakaja mageuzi. Leta, yaani serikali, ilitangaza afya kwa wote, na kwetu ikaanza na uzazi: katika vituo vilivyokubaliwa, mama anajifungua bila kulipa, na mtoto anatunzwa siku zake za kwanza. Ni jambo jema na tunalisifu. Lakini watu walisikia neno bure wakaacha kusikiliza yaliyofuata. Katika miezi mitano familia mia nne na kumi zilirudisha kadi.

Mmoja wao alikuwa Mardochée, dereva wa lori la mahindi, ambaye mke wake alikuwa na mimba. Aliweka kadi dirishani akasema: "Mama, sasa Leta njo inalipa kuzaa. Hii kadi yenu itanisaidia nini?" Mama Christiane alimweleza kwa vidole vya mkono: kuzaa, ndiyo, siku za kwanza, ndiyo, malaria ya mtoto baada ya hapo, hapana, mguu wa baba ukivunjika, hapana, tension ya mama mkwe, hapana. "Leta inakulipia mulango ya kuingia mu dunia, papa," alimalizia. "Yenye inabakia, ni weye." Mardochée alicheka, akaenda zake.

Mtoto alizaliwa salama, bure, kama ilivyoahidiwa. Alipofika wiki sita akashikwa na homa kali. Mardochée alirudi mbio, mtoto mikononi, akitaka kadi yake ya zamani. Kanuni ni kwamba aliyetoka akirudi anangoja miezi mitatu kama mgeni. Angeweza kuandikwa tarehe ya nyuma. Kalamu ilikuwepo na hakuna aliyekuwa akitazama. Mama Christiane alikataa. Mardochée alimpigia kelele mbele ya foleni nzima: "Mama, roho yako ni jiwe!"

"Njo vile, ni jiwe," alijibu. "Nipatie majina ya nyumba yote. Siku ya kwanza ya kungojea ni leo." Aliandika, akafunga dirisha, akaenda nao lupitalo na kukaa na mke wa Mardochée hadi mtoto alipotundikiwa maji na kutulia. Mtoto alipona. Mardochée aliuza pikipiki yake kulipa. Hakumsalimia Mama Christiane tena, ila michango yake inafika tarehe mosi ya kila mwezi kabla ya ya mtu mwingine yeyote.

Sasa ile kadi. Mkutano mkuu wa mwezi wa nane ulipofika kwenye mambo ya wastaafu, Papa Kalaba alipendekeza, kwa sauti ya chini, kwamba kwa Mama Christiane kanuni ya miaka sitini iachwe ilale kidogo. Watu wengi waliitikia. Mardochée akasimama nyuma.

"Miye mulinikatalia na mutoto wa juma sita mu mikono," alisema. "Leo kanuni inataka kulegea, juu ni mama wa hii biro yenu?"

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Christiane mwenyewe. "Mardochée anasema kweli. Mufunge hiyo mambo, twende ku ingine." Tukaenda kwa mengine: bei ya karatasi. Katika wiki zilizofuata alianza kununua dawa zake za tension za miezi kadhaa kwa pamoja na kuzipanga kwenye kopo la maziwa. Hakulalamika. Tuliobaki tulilalamika kwa niaba yake, bila faida.

Ofisini kuna Benita, anayefagia na kutupikia. Kila siku ya kazi, tangu kabla hajaja yeye, watumishi wamechanga unga na mboga na kula pamoja uani, nyuma ya dirisha la nne: bukari na mboga, sombe au lengalenga, na siku za mshahara samaki. Benita alikuwa anasonga bukari alipomsikia Mama Christiane akimweleza Chance, binti anayechukua nafasi yake, kwamba mzee anayekula peke yake hana nyungu wala kadi, "na mufano ni miye." Benita hakuacha mwiko.

"Mama, weye hauna nyungu? Na hii yenye napikaka kila siku, ni ya nani?"

"Nyungu ya kazi haiko familia, Benita."

"Na bale ba mama batatu ba Katuba, balikuwa ndugu? Si weye njo uliandika?"

Mama Christiane alichukua kijiko akapakua mboga, sahani zote, kazi ambayo si yake. Halafu akasema kwamba, kama ni hivyo, aangaliwe sawa na wengine, na siku ya kuangaliwa asiijue.

Chance alifundishwa naye, kwa hiyo hakumhurumia. Kwa kushuhudia alihitaji mwanachama ambaye hakuna atakayesema ni rafiki. Akamchagua Mardochée.

Walikuja Alhamisi iliyopita, saa sita na kitu. Papa Mwape, mlinzi wetu, alikuwa anamimina maji ya kunawa. Mtu wa dirisha la tatu alikuwa tayari amekaa, kwenye kreti ya bia iliyogeuzwa karibu na ukuta. Siku hiyo kulikuwa na samaki. Mama Christiane alitoka dirisha la kwanza, hajaona walio mlangoni, hajatazama samaki. Alitazama kreti.

"Dédé! Toka ku kiti yangu. Miaka hii yote haujajua kama mugongo yangu inatakaka ukuta?"

Kreti iliachwa. Alikaa, akanawa, akakwangua ukoko wa bukari chini ya chungu akampa Papa Mwape, kwa sababu Papa Mwape anaupenda na meno bado anayo. Hapo ndipo alipoinua macho akawaona. Chance alikuwa amegeukia upande, anajizuia kucheka. Mardochée alimtazama mama yule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huyu iko wa hapa," alisema. "Andika."

Chance akaandika. Benita akamkaribisha Mardochée anawe naye ale. Mardochée akarudi nyuma hatua nzima, mikono juu: "Hapana! Mukinilisha, mutaniandika na miye!" Mama Christiane alicheka hadi akashika ukuta. Ni salamu yao ya kwanza tangu ile homa.

Kwa kuwa ni wote au hakuna, Chance alipita kwa kila mlaji. Watumishi wenye kadi tayari waliandikwa bila kulipa tena. Wawili hawakuwa na kadi ya kutegemea: Mama Christiane, ambaye yake inakufa leo, na Papa Mwape. Papa Mwape hulipwa kwa siku, kwa hiyo kanuni ya watumishi haimtambui. Kwa miaka tisa amefungua geti la nyumba inayouza kadi za afya, na yeye hana. Kamati ilijulishwa hilo pia wakati wake. Sasa yumo, na mke wake anauliza kama nyungu ya kwake inaweza kufuata. Inaweza. Aje dirisha la kwanza.

Kadi imetolewa kwa jina la Benita, mkuu wa nyungu, na michango ya kwanza imepokelewa dirisha la tatu kutoka mkononi mwa kila mmoja wa wale wawili, ya Mama Christiane ikiwemo, kamili. Alitaka risiti. Amepewa. Ameanza miezi mitatu ya kungojea, na dawa za kwenye kopo, tumezihesabu naye, zinatosha mitatu na siku kumi.

Mama Christiane, kwa majina uliyobishana nayo, kwa milango uliyogonga, na kwa mara ulizosema hapana wakati ndiyo ilikuwa rahisi, mutuelle inakushukuru, na familia elfu tatu na mia nne zinashukuru hata kama nusu yao bado wanakuita jiwe. Uwe na afya, upumzike, ukawaone wajukuu. Lakini usikae huko sana. Kadi ya nyungu hukaguliwa bila taarifa, na asiyeonekana kwenye chakula hufutwa. Sheria hiyo ni yako, na Chance ameiva. Kutoka Kamalondo hadi hapa ni mwendo wa miguu. Bukari ni saa sita. Hakuna atakayekalia kreti.

Dédé Ngosa
dirisha la tatu
kwa niaba ya watumishi wa Tushikane, Lubumbashi